Bwana Mkubwa wa Miwani: Roosevelt na Bunduki Zake Sotik

Mtu akitoka Mombasa kwenda Sotik hulala safarini. Basi hupita Nairobi, likateremka Bonde la Ufa, likavuka Narok na Bomet, na linapofika njia panda ya Kaplong abiria wa pwani huwa amekwisha vaa koti alilonalo na bado meno yagongana. Huko ni nchi ya majani chai na ng'ombe wa maziwa, mvua hupenda kunyesha alasiri, na wali wa nazi hauonekani mezani. Nilikwenda kumpa mkono wa tanzia mwalimu mmoja mstaafu, Mkipsigis, niliyewahi kufundisha naye skuli moja ya huku kwetu zamani za ujana. Habari ninayoiandika leo sikuifuata. Niliikuta imetundikwa ukutani kwake.

Iliyotundikwa ilikuwa bunduki ya upepo ya Kimarekani, Benjamin, ya zile za kupampu kwa mkono. Msomaji asiyeijua nitamweleza kwa ufupi. Chini ya mtutu mna mkono unaovutwa na kurudishwa, na kila unaporudishwa hewa husukumwa ndani ya chumba kidogo, ikabanwa humo. Ukipampu mara chache hutoboa kopo. Ukizidisha, hutoboa na ubao mwembamba. Ukivuta kifyatulio, kilango cha hewa hufunguka ghafla na kijirisasi kikatoka mbio, bila baruti na bila moshi. Benjamin walianza kuziunda St. Louis mapema katika karne ya 20, Crosman wa New York wakafuata katika miaka ya 1920, na Sheridan wa Wisconsin baada ya Vita Vikuu vya Pili. Leo wako watu duniani wanaozitafuta zile za zamani, za shaba na mbao za mjozi, kama wengine wanavyotafuta stempu.

Mwalimu wangu ni mmoja wao, ingawa ya kwake ni hiyo moja tu, na cheti chake cha polisi anacho, kwani kwa sheria ya Kenya hata bunduki ya upepo ni silaha. Ameifungua na kuifunga mara zisizohesabika. Wosha za ngozi za pampu amezikata mwenyewe katika ulimi wa kiatu kikuukuu, akazitia mafuta. Kitako amekipunguza kwa msumeno na tupa. Kilengeo cha nyuma amekisogeza na kukipanua tundu lake, kwa kuwa avaa miwani mizito na kile cha kiwandani kilikuwa kikimtia ukungu. Nilimcheka kidogo, nikamwuliza mzee mzima anashindana na nani. Akanijibu kwa upole kwamba hakuwa mtu wa kwanza kuleta Sotik bunduki ya Kimarekani iliyorekebishwa kwa ajili ya mwenye miwani. Huyo wa kabla yake, alisema, alikuwa amewahi kuwa rais wa Marekani, na wachukuzi wa bunduki zake walikuwa watu wa dini yangu.

Maneno hayo hayakunipa usingizi. Niliporudi nyumbani nilivirudia vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Theodore Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, mtoto wa watu wenye mali. Mali haikumsaidia kupumua. Alikuwa na pumu kali, usiku akilala ameketi kwa mito mgongoni, na baba yake akimbeba huku na huku mpaka pumzi irudi. Mtoto asiyeweza kucheza na wenzake hutafuta mchezo wake mwenyewe, na wake ulikuwa kukusanya. Siku moja aliona sokoni maiti ya sili, mnyama wa baharini, akaing'ang'ania hata akapewa fuvu lake, na kwa fuvu hilo akafungua chumbani kwake jumba la makumbusho la kitoto, lenye ndege, panya na mayai. Alifundishwa kukausha ngozi za wanyama na fundi aliyekuwa mashuhuri mjini humo, na kazi hiyo, nadhani, ndiyo iliyomkaa rohoni kuliko urais wenyewe.

Alipofika miaka 13 baba yake alimpa bunduki ya marisau ya Kifaransa, yenye mitutu miwili. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Wenzake waliona ndege wa kupiga, yeye haoni kitu. Wenzake wakasoma tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa mbali kidogo, yeye hakujua kama mna maandishi. Akanunuliwa miwani, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba dunia ina kingo. Majira ya baridi ya 1872 na 1873 familia yake ilisafiri Misri, wakapanda mto Nile kwa dau, na kijana yule na miwani yake akaua ndege wengi, akiwachuna na kuandika majina yao. Kwa hiyo udongo wa Afrika aliukanyaga akiwa mtoto, miaka zaidi ya 35 kabla ya kuonekana Mombasa.

Alimaliza masomo Harvard mwaka 1880 na kuoa mwaka huo huo. Kisha ukaja msiba ambao hata adui yake angemlilia. Tarehe 14 Februari 1884, katika nyumba moja na siku moja, alifiwa na mama yake na mkewe, mkewe akiwa ameacha kichanga cha siku mbili. Roosevelt alimwacha mtoto kwa dada yake, akaenda nyika za Dakota kufuga ng'ombe. Huko ndiko alikoanza kuzichezea bunduki kwa namna ya pekee.

Raifali za Winchester za siku zile zilikuwa na kitako chenye mkunjo kama hilali, kinachochoma begani mtu anapopiga upesi. Yeye aliagiza cha bapa, kama cha bunduki ya marisau. Aliagiza mahali pa kushikia pa mkono wa kulia pawe na umbo la bastola, chemba ya risasi ikatwe nusu ili kupunguza uzito, na vilengeo viwe vya aina aliyoitaka yeye. Hakuwa fundi wa kushika tupa kama mwalimu wangu. Alikuwa mtu wa kuandika barua, na mafundi wa kiwandani walizichoka. Watu wengi hununua bunduki kisha wakajilazimisha kuizoea. Yeye aliilazimisha bunduki imzoee yeye. Kwa mtu mwenye macho yale, nionavyo mimi, hakukuwa na njia nyingine, maana kilengeo kikikaa vibaya mwenye macho mazima hukosea kidogo, na mwenye macho mabovu huwa hakioni kabisa.

Mwaka 1886 alirudi mjini na kuoa tena, na ng'ombe wake wengi wakafa kwa theluji ya mwaka 1886 na 1887. Siasa zake nitazipita mbio, kwani magazeti ya ulimwengu yameziandika za kutosha. Alipigana Cuba mwaka 1898, akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais, na Rais McKinley alipouawa mwezi Septemba 1901 akachukua kiti hicho akiwa na miaka 42. Hakuna aliyewahi kukikalia akiwa kijana zaidi. Alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1906 kwa kupatanisha Urusi na Ujapani. Alitenga misitu, mbuga na hifadhi za ndege za eka zipatazo milioni 230. Na mwaka 1902, alipofungiwa dubu mtini ili ampige kwa urahisi, alikataa kumpiga, na ndiyo sababu yule mwanasesere wa dubu wanaochezea watoto huitwa kwa jina lake la utani, Teddy. Akiwa bado ikulu alikuwa akipigana ngumi na maofisa vijana kwa mazoezi, na mmoja akampiga jicho la kushoto. Jicho hilo likafa polepole. Jambo hilo alilificha miaka mingi, kwa hiyo alipofunga safari ya kuja kwetu kuwinda simba, alikuwa mtu wa jicho moja, na hilo moja ni la miwani.

Matayarisho yake yalichukua mwaka mzima. Aliamua kwamba safari isiwe ya mapambo ya ukutani peke yake, bali akusanye wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington, na tajiri Andrew Carnegie akachangia gharama. Bunduki alizochagua ni hizi. Ya kwanza ni Springfield ya jeshi, ambayo kiwanda cha serikali kilimtengenezea kwa mfano wa kuwindia, mbao zikifupishwa na kitako kikichongwa upya. Ya pili ni Winchester ya mfano wa 1895, yenye risasi nzito ya .405, ambayo aliiona kuwa ndiyo dawa ya simba. Kuhusu vilengeo vya hiyo alibishana sana na waundaji wake kwa barua. Ya tatu haikuwa ya Kimarekani: ni Holland & Holland ya mitutu miwili ya Kiingereza, kwa ndovu na vifaru, zawadi ya Waingereza zaidi ya 50 waliompenda kwa kulinda wanyama. Na ya nne ni bunduki ya marisau ya Fox, zawadi ya mwundaji wake wa Philadelphia.

Alichukua pia kitu kimoja kitakachomfanya msomaji wa pwani akunje uso. Lilikuwa sanduku la vitabu vipatavyo 60, vya washairi na wanahistoria, ambavyo dada yake alimjalidia kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na mvua. Uzito wake haukufika ratili 60, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Hata hivyo, wahenga wetu waliolibeba walisalimika: sanduku lenyewe lilikuwa la alumini na kitambaa cha mafuta, na aliyelitia kichwani hakuwa na haja ya kujiosha mara saba na moja yake kwa mchanga.

Aliondoka New York tarehe 23 Machi 1909, wiki tatu hazijatimia tangu atoke ikulu, pamoja na mwanawe Kermit aliyekuwa na miaka 19 na wataalamu watatu wa viumbe. Kutoka Naples alipanda meli ya Kijerumani iitwayo Admiral, na tarehe 21 Aprili akateremka Mombasa mvua ikinyesha. Usiku ule alikula karamu katika Mombasa Club, chini ya kuta za Fort Jesus. Kesho yake alipanda treni ya kwenda bara, akakaa kwenye ubao uliofungwa mbele ya injini ili aone wanyama.

Wapagazi walikuwa zaidi ya 200, Waswahili, Wanyamwezi, Wakikuyu, Wakamba na wengineo, na lugha ya msafara ilikuwa yetu hii. Roosevelt aliandika majina yao, na kwa hilo namshukuru, maana wawindaji wengi wa zama zake hawakufanya hivyo. Wachukuzi wake wa kwanza wa bunduki walikuwa Muhamed na Bakari. Boi wake wa hema, aliyemfasiria pia, alikuwa Ali. Mchukuzi mkuu wa Kermit alikuwa Juma Yohari, Mswahili na Muislamu, na pamoja naye Kassitura, Mkristo kutoka Uganda. Wapagazi walimpa mzee jina la Bwana Mkubwa, ambalo kitabuni mwake ameliandika kwa tahajia ya mtu aliyelisikia bila ya kulisoma, Makuba. Magazeti ya Marekani yakadai kwamba jina lake hasa lilikuwa Bwana Tumbo, na atazamaye picha zake hatashangaa. Kermit alianza kwa kuitwa Bwana Mdogo, kisha mbio na miguu yake ilipowapendeza, akapandishwa kuwa Bwana Maridadi.

Kazi ya mchukuzi wa bunduki watu huidharau kwa kutoijua. Mchukuzi hutembea hatua moja nyuma ya bwana wake na bunduki ya pili, imeshajazwa risasi. Ya kwanza ikimalizika huinyosha ya pili mkononi mwa mwenzake bila kuambiwa, naye simba yu aja. Akikimbia, bwana amekufa. Jioni, wengine wakiota moto, yeye huzifungua zile bunduki, akazipangusa na kuzitia mafuta, kwani chembe moja ya mchanga yatosha kuziharibu. Na katika misafara ya zama zile mchukuzi Muislamu alikuwa na kazi ya ziada: mnyama wa kuliwa akianguka, alikimbia na kisu ili amuwahi kumchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu kabla roho haijatoka, la sivyo nusu ya kambi ingelala na ugali mtupu.

Juu ya yote hayo, alikuwa ni macho. Roosevelt mwenyewe alikiri bila haya kwamba hakuwa mpigaji hodari, na kwamba wachukuzi wake waliwaona wanyama kabla yake. Wao walionyesha kidole, yeye akatazama na kutazama tena, hata ile rangi ya majani ikawa pofu au kongoni. Fikiri basi, msomaji, barua zote zile zilizoandikwa kuhusu kilengeo, na kitako kilichopimwa kwa bega la mtu mmoja, halafu katika nyika ya Afrika jicho linalomtafuta mnyama ni la Bakari.

Mwanzoni mwa Juni 1909 msafara ulitoka Kijabe kuelekea Sotik. Hapa nieleze, asije msomaji akadhani aliwinda katikati ya majani chai. Jina Sotik, katika vinywa vya Wazungu wa siku zile, lilikuwa pana kuliko mji wa leo. Lilienea mpaka nyika zilizo mashariki na kusini ya milima hiyo, kuelekea Ewaso Ng'iro ya kusini na Loita. Kufika huko ilibidi kuvuka kama maili 60 zisizokuwa na maji. Maji yalipakiwa katika magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakasafiri usiku kwa mbalamwezi, wapagazi na mizigo vichwani. Kwa wiki sita hivi aliwinda huko simba, vifaru, twiga, pofu, nyumbu na nyamera. Bendera ya Marekani ilipepea mbele ya hema lake, na ndani ya hema, baada ya kula, aliandika makala kwa penseli. Gazeti la Scribner's lilimlipa dola 50,000 kwa makala hizo. Ngozi zilichunwa na kutiwa chumvi. Walikuja na tani nne za chumvi kwa kazi hiyo.

Niliposoma hayo nilimpigia simu mwalimu wangu, nikamwambia nimefurahi. Yeye alikaa kimya kidogo, kisha akanikumbusha jambo ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu cha mwindaji. Bunduki ya Roosevelt haikuwa bunduki ya kwanza ya akili ya Kimarekani kufika Sotik.

Mwaka 1905, miaka minne tu kabla ya bendera ile kupepea, Waingereza walituma jeshi kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik kwa kuwa walichukua ng'ombe wa Wamaasai na kukataa kuwarudisha. Jeshi hilo lilikuja na mzinga wa Maxim, bunduki inayojijaza yenyewe na kumwaga risasi mamia kwa dakika. Aliyeiunda, Hiram Maxim, alizaliwa jimbo la Maine, Marekani, akaibuni akiwa London mwaka 1884. Katika vilima vile wanatajwa kuuawa watu 1,850, wanaume, wanawake na watoto. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu. Kisha ardhi nzuri ikaanza kugawiwa walowezi, na kutoka miaka ya 1920 makampuni ya chai ya Kiingereza yakapanda huko Kericho majani yale yanayowapendeza wapita njia. Mwaka 2022 wazee wa Kipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kudai haki ya ardhi hiyo.

Sasa Roosevelt, alipozitazama nyanda za juu za Kenya kwa miwani yake safi, aliona nini? Aliona nchi ya Mzungu. Hilo alilisema na kuliandika, akawatia moyo walowezi, akiwafananisha na watu wake wa Dakota. Mtu aliyeweza kutofautisha aina mbili za panya wa mwituni kwa meno yao alitazama nchi iliyokuwa na wenyewe akaiona tupu. Mimi sisemi alikuwa mtu mwovu. Aliwatendea wapagazi wake kwa heshima kuliko wengi, akala vumbi pamoja nao. Lakini mwalimu wangu alizaliwa katika nchi hiyo, babu yake alikuwa mtoto mwaka 1905, na baada ya simu ile niliona haya kwa furaha yangu.

Kutoka Sotik alirudi Naivasha, akaweka jiwe la msingi la jengo la skuli ya wamisheni wa Kimarekani Kijabe tarehe 4 Agosti, akaenda Mlima Kenya, Uganda, na mwisho Lado kwenye mto Nile. Huko Lado yeye na mwanawe waliua vifaru weupe tisa. Hesabu yote ya baba na mwana ilikuwa wanyama 512, baba 296 na mwana 216, wakiwemo simba 17 na ndovu 11. Pamoja na wadogo waliokusanywa na wataalamu, zaidi ya 11,000 walipelekwa Washington. Alijitetea kwamba ni elimu, na kweli wataalamu wamevitumia vielelezo hivyo mpaka leo. Walakini kifaru mweupe wa kaskazini, yule wa Lado, dume lake la mwisho, aliyeitwa Sudan, lilikufa Ol Pejeta, Laikipia, mwezi Machi 2018, likaacha majike wawili. Waliommaliza hasa ni majangili wa miaka ya baadaye, si Roosevelt. Hata hivyo, ile tisa siwezi kuisahau. Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Safari ilikwisha Khartoum mwezi Machi 1910, na alipofika Cairo mtu yule wa bunduki alifyatua maneno. Waziri Mkuu wa Misri, Boutros Ghali, alikuwa ameuawa mwezi mmoja kabla. Roosevelt alihutubia katika chuo kikuu kipya, akalaani mauaji hayo, jambo la haki, kisha akaendelea kuwaeleza Wamisri kwamba kujitawala hakupatikani kwa siku moja na kwamba wao bado. Wanafunzi waliandamana mpaka mlangoni pa hoteli yake. Vitabu vya uwindaji havipendi kukitaja kisa hiki, lakini nadhani ni sehemu ya safari ile ile.

Mwaka 1912 aligombea tena urais kwa chama kipya. Tarehe 14 Oktoba, Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi ya kifua kwa karibu. Risasi ilipita kwanza katika hotuba yake ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni, na katika kifuko cha chuma cha miwani yake, ikafika mwilini imechoka. Alikohoa mkononi, akaona hamna damu, akajua pafu zima, naye mzoefu wa kujua mnyama aliyepigwa pafu huwaje. Akapanda jukwaani na shati lenye damu, akasema karibu saa moja na nusu. Risasi ile alikaa nayo mwilini mpaka kufa. Uchaguzi alishindwa. Mwaka 1914 aliponea chupuchupu kufa katika mto wa Brazil usiokuwa na ramani. Mwezi Julai 1918 mwanawe mdogo Quentin, rubani wa vita, aliangushwa Ufaransa, na tangu hapo mzee hakuwa yule. Alifariki usingizini nyumbani kwake Sagamore Hill tarehe 6 Januari 1919, mwenye miaka 60.

Bunduki zake zimeishi kuliko yeye. Bastola yake ya Cuba iliibiwa Sagamore Hill mwaka 1990 na kupatikana 2006. Ile Fox ya marisau, iliyobebwa kwa miguu katika nyika zetu, ilinadiwa Marekani mwezi Oktoba 2010 kwa dola 862,500. Kila mkwaruzo wake umepigwa picha na kuelezwa. Wakusanyaji wanajua siku ilipotoka kiwandani na nani aliyeichonga mbao yake.

Muhamed na Bakari wametajwa kwa jina moja moja. Juma Yohari yeye ana jina la baba, kama hilo ndilo jina la baba na si masikio ya Mmarekani. Nasaba zao hazikuandikwa mle kitabuni, wala mitaa waliyorudi kuishi mkono ulipokwisha.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji. Ikiwa katika Mji wa Kale, Kuze, Likoni, Malindi, Lamu, Vanga, au hata Unguja, mna nyumba ambayo babu au baba wa babu alipata kusimulia kwamba alimchukulia bunduki Mmarekani mnene mwenye miwani na meno makubwa, mwaka wa 1909. Ikiwa mna kisu, cheti cha kazi, picha, au jina tu lililobaki katika dua za khitma, basi tafadhali tuleteeni habari katika ukurasa huu. Mwalimu wangu wa Sotik naye anangoja. Ameniambia akipatikana mjukuu wa Bakari, atamwalika kwake, ampe maziwa ya mursik, na amwachie aipampu ile Benjamin.